Mshahara wa Mtunza Stoo

Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako zipo, nitazitoa mwishoni. Kwanza niyatoe haya yaliyonikaa kooni. Nakuandikia karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na ukishanikatiza nasahau nilichotaka kusema, nabaki kujibu ulichotaka kusema wewe.

Jana niliitwa ofisi ya kodi. Sikukwambia mapema, nilidhani ni mambo ya kibali cha gari. Nilioga mara mbili, nikavaa gauni la kutokea, nikakaa kwenye benchi la wanaosubiri. Hata hivyo mwanamke mmoja aliyekuwa kando yangu alisogea, akasogea tena, mpaka akafika mwisho wa benchi kama mtu anayekimbia jua. Nimezoea. Ukifanya kazi na gari la kunyonya maji taka miaka yote hii, unajua pua za watu kuliko unavyojua sura zao. Ndiyo maana marehemu Baba aliliita gari Marashi, ili watu wacheke kabla hawajaziba pua.

Ofisa aliyenihoji ni mwanamke wa makamo, ana mafua, meza yake imejaa karatasi za kupengea. Hakuwa na ukali. Alifungua hesabu zetu, zile unazoziandaa wewe kila mwaka na kunitumia niweke saini, akaanza kuniuliza taratibu kama daktari.

"Dada, biashara yenu ni ya nini hasa?"

Nikamwambia tunanyonya mashimo ya vyoo yaliyojaa, tunakwenda kumwaga kwenye mabwawa ya mji.

"Mna magari mangapi?"

Moja.

"Hili la pili, dogo, lenye matairi mapya na bima kubwa, linanyonya nini?"

Ni gari lako la kwendea kazini.

"Na hivi viti vya wageni, vya ngozi, seti nzima. Ofisi yenu iko wapi nije nikae?"

Ofisi yetu unaijua. Kibanda cha mabati, benchi la mbao, na kopo la chai ambalo Dereva hataki lioshwe eti litapoteza ladha. Viti vya ngozi navijua pia. Viko sebuleni kwako. Nilipokuja kuwaona watoto, wifi alitandika shuka kabla sijakaa, na nilipoinuka akapuliza dawa ya harufu nzuri mimi nikiwa bado mlangoni nafunga viatu. Kumbe nilikuwa nimekalia kiti changu mwenyewe.

Akaja kwenye chakula cha mchana na wateja, hotelini, kila wiki. Hapo hata yeye alicheka kidogo, kisha akapenga. "Ni mteja gani wa shimo la choo anayepelekwa hotelini?" Mdogo wangu, mtu ambaye shimo lake limefurika hataki kula na mimi. Anataka nije haraka na niondoke haraka zaidi.

Halafu akasoma jina la Mama. Cheo, mtunza stoo. Mshahara, kila mwezi, kwa miaka miwili. Nikamwambia huyo ni mama yangu mzazi, anaishi nami hapo hapo uwanjani, jicho moja limeshazibwa na mtoto wa jicho na la pili linafuata nyuma, na stoo hatuna. Aliandika kila nilichosema. Sijui nilipaswa kusema au kunyamaza. Amesema atakuja uwanjani kwetu kuongea na wafanyakazi wote walioandikwa.

Mikono hii imeshika uchafu wa nusu ya mji, na sijawahi kurudi nyumbani nikashindwa kula. Jana nilikiangalia chakula nikakisukuma. Niambie kuna maelezo. Nitayasikiliza.

Mama anakusalimu. Anauliza lini utakuwa na nafasi ya yale mambo ya macho yake.

Dada yako


Jumamosi, 8 Machi

Dada, shikamoo.

Umefanya vizuri kutumia karatasi. Meseji zinabaki. Ukimaliza kusoma hii, ichome.

Tulia kwanza. Unaongea kama mtu aliyeona mzoga sebuleni. Hizi ni hesabu tu. Nikueleze kwa lugha nyepesi. Serikali haitozi kila kinachoingia, inatoza faida. Ukipata mia, na ili uipate hiyo mia umetumia sabini, unatozwa kwenye thelathini iliyobaki. Hiyo sabini ndiyo matumizi yanayoruhusiwa. Sasa mtu mwenye akili anafanya nini? Anaitanua sabini. Kila mwenye duka anafanya hivyo. Kinyozi wangu ameandika ada ya shule ya mwanawe kuwa mafunzo ya wafanyakazi, na hajawahi kuitwa popote.

Gari langu nalitumia kwenda benki kwa mambo yetu. Kwenye vile viti nimekaa mara nyingi nikiwaza biashara. Chakula cha hotelini ni watu muhimu, wewe huwajui. Na kumbuka mimi ni mwenye nusu. Baba hakuliacha gari kwako peke yako. Mimi ndiye ninayeshika akaunti, mimi ndiye ninayekesha na namba, na sijawahi kujilipa hata senti kwa jina langu. Hayo unayoyaona ndiyo jasho langu.

Kosa ni lako. Kwa nini ulimwambia hatuna stoo? Mtu wa kodi akikuuliza, unamjibu "nitamuuliza mhasibu," basi. Lakini yaliyopita si ndwele. Kile chumba cha nyuma mnachotupia mipira ya kunyonyea, kifagie, tia kufuli. Hiyo ndiyo stoo. Mama anakaa pale nje kila siku, anasikia nani kaingia na nani katoka. Hiyo si kazi ya kutunza? Aseme hivyo tu.

Mshahara wake ulikuwa unakuja kwangu ili nimtunzie. Mambo ya macho yamo humo humo kwenye mipango, ila mwaka ulikuwa mgumu.

Na tafadhali usimwandame wifi yako kwa sababu ya dawa ya harufu. Anapuliza kwa kila mgeni.

Lingine. Usije ofisini kwangu wala nyumbani na Marashi, hata kwa dharura. Huku wanajua familia yetu ina kampuni ya usafirishaji. Watoto wanajua hivyo pia.

Mdogo wako


Jumamosi, 15 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako sikuichoma. Nimeisoma, kisha nimerudi ofisi ya kodi mwenyewe, bila kuitwa. Nilitaka mtu mwingine anieleze hiyo sabini yako.

Ofisa alikuwa bado na mafua. Akasema swali la kwanza analouliza ni kama fedha ilitoka kwa ajili ya kazi, au ilitoka kwa ajili ya mtu. Dizeli ya Marashi, ndiyo. Ada ya kumwaga kwenye mabwawa, ndiyo. Mshahara wa Dereva na wa Kimbaumbau anayeshika mpira, ndiyo, kwa sababu wapo na wanafanya kazi. Pampu, ndiyo, ila haikatwi yote mwaka mmoja, inakatwa kidogo kidogo kadiri inavyochakaa. Simu yangu, sehemu tu, maana naongea na wateja na naongea na shangazi pia. Faini ya barabarani ya Dereva, hapana. Chakula changu cha mchana, hapana. Akasema, "Ungekula hata kama ungekuwa umelala nyumbani." Nilicheka. Nilikuwa naanza kuelewa na nilifurahi kuelewa. Sikujua kinachokuja.

Akaendelea. Sabuni ya kuoshea gari, ndiyo. Mabuti, glavu, chanjo za wafanyakazi, ndiyo.

Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, "Ila barakoa za gesi hazimo."

Akainua macho. "Nani kakwambia hazimo?"

Wewe ndiye uliyeniambia. Nilikuandikia kabla ya mvua za mwaka jana, nikakueleza mashimo ya siku hizi yanafunikwa vizuri mno na hewa iliyomo ndani inaua, tunahitaji barakoa zenye chujio, mbili tu. Ukanijibu, na jibu lako ninalo, "Hazitambuliki kwenye kodi, tukinunua tutapigwa faini." Nikakuamini. Wewe ndiye uliyesoma hesabu. Nikamwambia Kimbaumbau afunge kitambaa puani.

Unajua kilichotokea, ila nilikueleza kwa kifupi kwa sababu ulisema uko kwenye kikao. Sikiliza sasa. Ilikuwa kwenye mabweni ya wanafunzi. Kimbaumbau aliinama kwenye mfuniko kuelekeza mpira. Hakupiga kelele. Alikunjika tu, kama nguo inayoanguka kwenye kamba, kichwa kikatangulia shimoni. Dereva alimdaka kwa mkanda wa suruali. Tulimlaza chini, midomo imekuwa na rangi ya majivu, puani na kinywani mna kile tulichokuja kunyonya. Nilikitoa kwa vidole vyangu. Wanafunzi walikuwa juu kwenye madirisha wamejiziba pua, wanapiga picha.

Alipona, tunasema alipona. Akipanda ngazi ya gari anasimama katikati kuvuta pumzi. Na maneno yanamkimbia. Juzi alitaka nimpe spana, akasema nipe ile, nipe ile, mpaka akakaa chini na kulia, mtu mzima mwenye watoto.

Nilimwambia ofisa haya yote. Hakunipa pole. Alirudi kwenye hesabu zetu akatafuta, akasema jambo moja linamshangaza, kwamba matumizi ya kweli ya kazi yetu ni machache mno humu. Mabuti hayamo. Sabuni haimo. Chanjo hazimo. Nikamwambia risiti huwa nazituma zote, kila mwezi, kwenye bahasha. Akasema, kama anajisemea, kwamba wakati mwingine mtu huacha ya kweli ili ya uongo yapate nafasi. Yakiingia yote, biashara itaonyesha hasara kila mwaka, na biashara yenye hasara kila mwaka huwaita wao.

Yaani ulikaa kwenye vile viti, ukafungua bahasha yangu, ukaiona risiti ya mabuti ya Kimbaumbau, ukaiweka kando ili matairi yako yakae vizuri. Na barakoa ulizikataa kwa sababu zingekula fedha ambayo tayari ulikuwa umeila wewe.

Nimetafuta neno la kukuita nimekosa. Nasikia kinyaa tu. Nilikuwa nadhani nimemaliza kusikia kinyaa maishani.

Chumba sitakifagia. Kufuli sitatia. Na Mama hatasema lolote.

Dada yako


Jumanne, 18 Machi

Mama yangu kipenzi, shikamoo.

Hali ya macho yaendeleaje? Mwombe yule jirani mshonaji akusomee barua hii. Usimsumbue Dada, ana kazi nyingi na siku hizi hasira zake ziko karibu.

Mama, kuna mtu wa serikali atakuja hapo uwanjani. Ni jambo dogo, ila likienda vibaya Dada atapata matatizo makubwa, hata kufungwa, maana saini zote ni zake. Mimi nahangaika kumwokoa na yeye haoni, anadhani namchezea. Wewe ndiye unayeweza kutusaidia sote.

Akikuuliza, sema wewe ndiye mtunza stoo. Stoo ni kile chumba cha nyuma. Mna mipira mitatu ya kunyonyea, spana kubwa na ndogo, na pampu ya akiba. Akiuliza mshahara, sema unalipwa na mwanao na umeridhika. Usitaje kiasi. Basi, hakuna zaidi.

Hili likipita, macho yako ndiyo jambo la kwanza nitakaloshughulikia. Nakuahidi mbele ya kaburi la Baba.

Wajukuu wanakusalimu.

Mwanao


Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu,

Sikujua ulimwandikia Mama mpaka nilipomsikia akijifundisha. Nilirudi mchana kuchukua mkanda wa pampu, nikasikia sauti yake chumbani. "Mimi ndiye mtunza stoo. Tuna mipira mitatu." Akakumbushwa. "Spana kubwa na ndogo." Mshonaji alikuwa anamsahihisha, kama mwalimu na mtoto wa darasa la kwanza.

Tuligombana. Nilimwambia asithubutu. Akaniuliza, "Saini ni ya nani?" Nikasema yangu. "Basi wewe nyamaza, naokoa watoto wangu wawili kwa maneno machache. Ni ghali?" Nikamwambia mmoja wa hao watoto amemuuza. Akasema, "Usimtukane mwenzako uliyezaliwa naye." Kisha hakusema nami tena mpaka asubuhi ya siku yenyewe.

Ofisa alikuja jana. Kumbe mshonaji alishakifagia chumba, na kufuli jipya linaning'inia. Dereva aliulizwa maswali yake, akajibu. Kimbaumbau aliulizwa yake, akatafuta maneno, ofisa akamngojea bila kumharakisha. Ikafika zamu ya Mama.

Alikuwa amevaa vizuri. Alikaa wima kwenye benchi la kibanda, mikono mapajani. Ofisa alimwamkia kwa heshima, akamuuliza kazi yake.

"Mimi ndiye mtunza stoo," akasema Mama.

"Naomba unionyeshe, mama."

Akainuka. Nilitaka kumshika mkono akanisukuma. Alikwenda akipapasa ukuta wa mabati mpaka akalikuta kufuli, akalifungua kwa kubahatisha, ufunguo ukamwanguka mara moja. Ndani alianza kugusa vitu. "Huu mpira. Huu mpira. Na huu mpira." Wa tatu haukuwa mpira. Lilikuwa turubai limekunjwa. Mdogo wangu, nimeshuhudia mengi kazini, lakini hapo niligeuka nikaangalia ukuta. Mama yetu, aliyetulea bila kumwomba mtu chumvi, anapapasa turubai na kuliita mpira kwa sababu mwanawe anataka viti vya ngozi.

Ofisa hakucheka. Akamuuliza kama mshahara unamtosha.

"Nalipwa na mwanangu na nimeridhika."

"Ni hiki kiasi kilichoandikwa hapa?" Akakisoma.

Mama akasema, "Rudia."

Akarudia.

"Kwa mwaka?"

"Kwa mwezi, mama. Kila mwezi."

Mama alitafuta pa kukaa kwa mkono, akakaa juu ya tairi kuukuu. Wewe unajua daktari wa macho alitutajia bei gani. Mama anaijua pia, anaijua kama anavyojua jina lake, kwa sababu tangu uliposema huna, amekuwa akiitaja kila anapogonga kikombe au kumwaga chai. Mshahara wa miezi michache tu ungetosha macho yote mawili.

Alikaa hapo. Nikadhani analia, hakuwa analia. Akanyoosha mkono kwenye turubai.

"Hiki nilichokishika mwisho, ni mpira?"

"Ni turubai, mama," ofisa akasema.

"Basi andika turubai. Andika na kwamba mimi sioni, sijawahi kutunza stoo, na hizo fedha nimezisikia leo kutoka kwako."

Ofisa akaandika. Mama akamuuliza kama mtu akiandikwa kuwa amelipwa na hajalipwa, anamdai nani. Ofisa akasema hilo si la ofisi yao. Mama akasema anajua.

Tutalipa kodi iliyopunjwa, na riba, na faini. Wanatukubalia kulipa kwa mafungu. Hesabu zitajazwa upya, yako yote yakitoka na ya kwetu yakiingia. Duka la mabuti limetupa nakala za risiti, zahanati pia. Ofisa anasema ya kweli yakiingia, deni litapungua kidogo. Na faini yenyewe, akasema, tusije tukaiandika kuwa matumizi mwaka ujao. Faini haikatwi.

Mama amekataa nikwambie lolote kutoka kwake. Kwa hiyo sikwambii.

Dada yako


Alhamisi, 3 Aprili

Dada,

Umefurahi sasa. Ofisi ya kodi imeniandikia kuuliza ni nani aliyeandaa hesabu. Watakuandikia na wewe. Barua yangu ilifika kazini, imefunguliwa na katibu. Bosi ameniita. Mimi ni mhasibu, Dada. Mhasibu akikutwa na jambo kama hili hafukuzwi kazi moja tu, anafukuzwa kwenye kazi zote. Nyumba ni ya mkopo. Watoto wako katikati ya mwaka wa shule.

Nisikilize kama dada yangu. Wakikuuliza, waandikie kwamba ulijaza mwenyewe. Sema hukusoma sana, ulichanganya ya nyumbani na ya kazini, hukujua. Watakuhurumia, huwa wanawahurumia watu kama nyinyi. Faini itakuwa ile ile. Wewe huna cha kupoteza. Hakuna mtu duniani atakayekunyang'anya kinyesi.

Mama usimshirikishe, umeshamchosha vya kutosha. Macho yake nitayalipia, yote mawili, hospitali nzuri ya huku. Fedha nimeshaziweka kando. Nitazituma siku nitakayoona nakala ya barua yako kwao.

Mdogo wako


Jumapili, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya hospitali. Mama ameshafanyiwa jicho la kwanza, hapa hapa. Niliuza pampu ya akiba. Nilimuuliza ofisa jinsi ya kuliandika hilo, akasema pampu iandikwe imeuzwa, na bei yake iingie kwenye hesabu, lakini macho ya Mama si matumizi ya biashara. Nimeelewa. Mama ni wetu, tunamlipia wenyewe.

Bandeji ilipotolewa, alikaa muda mrefu akiangalia mikono yake, mbele na nyuma. Akasema amezeeka na hakuna aliyemwambia. Halafu akaniangalia mimi, akasema nimefanana na Baba, jambo ambalo si la kumfurahisha mwanamke yeyote, tukacheka wauguzi wakageuka.

Baada ya siku chache alipewa miwani. Nilikuwa naosha mabuti nje. Nilipoingia nilimkuta mezani, ameinama, barua yako iko mbele yake. Ile ya tarehe tatu. Niliiacha chini ya kikombe, sikuificha, sikuzoea kuificha karatasi mbele yake. Anasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Nilitaka kumnyang'anya. Nilisimama tu na maji yananitiririka mikononi.

Alisoma mpaka mwisho, akarudi nyuma, akasoma tena ile sehemu ya nakala na fedha. Akavua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Kisha akatoka nje. Nilimsikia anatapika nyuma ya kibanda. Daktari alisema asiiname, asijikamue, kwa sababu ya mshono. Nilimfuata nikamshika kichwa. Alipomaliza alisukutua, akasema, "Ni dawa za hospitali." Nikasema ndiyo, ni dawa.

Barakoa zimekuja. Nimenunua mbili kwa mkopo. Kimbaumbau akiivaa anakosa subira, anasema inamnukia plastiki mpya. Mtu anayeingia mashimoni analalamikia plastiki.

Sasa lile jambo lako. Ofisi ya kodi imeniandikia kama ulivyosema. Wameuliza swali moja, ni nani aliyeandaa hesabu za miaka hiyo. Barua uliyoniomba sitaiandika. Nimewaza kazi yako, nimewaza watoto, nimewaza wifi hata. Usidhani sikuwaza. Niliandika jibu la mstari mmoja, na mstari huo una jina lako.

Nilikuwa naikunja karatasi Mama alipoingia. Akauliza nawaandikia nani. Nikamwambia.

"Umemtaja?"

"Nimemtaja."

Nilingoja aniambie kuhusu mtu niliyezaliwa naye. Alivuta kiti akakaa, akavaa miwani.

"Lete nione kama umeliandika vizuri jina lake."

Nikampa. Aliliangalia jina lako kwa muda, karibu sana na jicho lake jipya, kama mtu anayetafuta kibanzi kidoleni kwa mtoto. Akaikunja karatasi yeye mwenyewe, kwa mkunjo ule ule niliokuwa nimeuanza, akanirudishia.

"Funga bahasha," akasema.

Nimeipeleka mwenyewe Ijumaa.

Dada yako